Mbwa Aliyefundishwa Kutoogopa

Vulamba, Butembo, 14 Januari 2024

Shangazi Godelive mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini kile kikohozi ulichorudi nacho Beni baada ya Noeli kimekuachia. Huku tu wazima. Mama bado anauza maharagi yanayotoka Alimbongo, na bado anagombana na kila dereva anayeyaleta. Dada Virginie amejifungua mtoto wa kike, mnene kama andazi. Mimi niko palepale kwenye biro, naandika vyeti vya makazi vya watu waliohama vijiji vyao. Shefu anasema mwandiko wangu ni mzuri ila nachelewesha foleni, kwa kuwa kila karatasi naisoma tena na tena kabla ya kumpelekea asaini. Naogopa kukosea jina la mtu. Aliyepoteza nyumba hapaswi kupoteza na jina.

Unisamehe kwa kuchelewa. Ungekuwa na simu ungekwisha kusikia sauti yangu, lakini najua ulivyoapa: simu ikilia shambani inaita watu wasiotakiwa.

Habari yenyewe ni ya mbwa wako. Mbwa wa mwenye nyumba wetu alizaa, nami nikakuchagulia dume mwenye ncha nyeupe mkiani, achukue nafasi ya marehemu Simba. Nimempa jina Bijou. Lakini ni mwoga, Shangazi. Kizingiti cha parcelle, ua wetu, hakivuki. Moto, yaani pikipiki, ikipita barabarani, anajikojolea na kukimbilia ndani ya gunia la makala ya kupikia, halafu anatoka mweusi, macho tu yanaonekana. Watoto wa hapa wanamwita Pasteur, kwa ile kanzu yake nyeusi. Naona haya kukutumia mbwa wa namna hiyo. Nivumilie kidogo, nimzoeze dunia ya nje.

Mtoto wako,
Kavuo Bénite


Beni, 4 Februari 2024

Mutoto yangu Bénite,

Barua nimeipata ku mukono ya Lusenge dereva. Kikohozi imeisha. Virginie umuambie nimefurahi, na mutoto asimunyonyeshe kila saa kama vile mama yako alikunyonyesha weye. Huku siye tuko, kwa neema ya Mungu. Kakao inaiva muzuri na bei yake iko muzuri, njo maana bezi nabo banaikumbuka. Jirani yangu wa shamba, Muzee Syauswa, anakusalimia. Njo ule alikuita Madame Tampon, mama wa muhuri, siku ulifika hapa ukiwa mwanafunzi, ukaingia mu matope na viatu ya biro. Anauliza kama hiyo viatu ilishakauka, maana toka siku ile haujarudi.

Sasa sikia neno ya imbwa. Unasema iko mwoga na unasikia haya. Mais Bénite, mwoga njo natafuta. Simba hakukuwa na guvu ya kuuma mutu. Kazi yake ilikuwa moya. Kama kitu imelia mbali kule ku musitu, siye batu tunabaki kusimama, tunaulizana: ni muwindaji? ni tairi ya gari? ni bo, batu ba musitu na bunduki? Simba hakuulizaka. Anaweka mukia katikati ya miguu, anashika njia ya nyumba, na siye nyuma yake. Mara mingi ilikuwa bure, tunarudi tunachekana. Mara ingine haikukuwa bure, na batu benye balibaki kusikiliza, tulibazika.

Donc usimufundishe sana. Umulete vile iko. Na umulete weye mwenyewe, nikuone.

Shangazi yako,
Godelive


Vulamba, 17 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi za Kwaresima. Mama ameacha sukari hadi Pasaka na hasira yake sote tunaijua. Mtoto wa Virginie amebatizwa, anaitwa Tamar. Mwambie Mzee Syauswa kwamba viatu vilikauka, na kwamba siku hizi hata tampon yenyewe inakaa kwa shefu, mimi naandika tu.

Barua yako niliipata. Kuhusu uliyoniandikia juu ya Simba, tutazungumza siku nyingine.

Nataka kukupa furaha. Kuna daktari wa mifugo anayechanja mbwa huku mtaani, jina lake Abdias, mtu mpole. Alinikataza kumburuta Bijou kwa kamba. Alisema nimbebe mikononi, nikae naye mlangoni, tutazame barabara kwa mbali bila kudai kitu, na kila sauti kubwa ikisikika nimpe ndakala, dagaa mkavu, papo hapo, kabla hajaanza kutetemeka. Ng'ambo ya barabara kuna mafundi wanaopigilia bati. Nyundo inalia, ndakala moja. Moto inapita, ndakala. Lori linashusha mbao, ndakala. Nguo zangu zote zinanuka samaki, na kwenye biro msichana wa meza ya pili amehamisha kiti chake.

Lakini Shangazi, ungemwona. Kwanza aliacha kujikojolea. Kisha akavuka kizingiti. Kisha akaenda nami sokoni mpaka kwenye meza ya Mama, akakaa kati ya magunia kama mwenye mali. Na Jumamosi moja mchana masasi ya bunduki yalilia huku mtaani, karibu sana, polisi na wezi, hatukujua vizuri. Mimi nilikuwa chini ya meza. Nilipoinua kichwa, Bijou alikuwa ameketi katikati ya chumba, mkia unafagia sakafu, ananitazama mkono. Nililia kwa furaha. Sijawahi kuona kiumbe kikiacha kuogopa katika nyumba yetu.

Lusenge atakuletea ndani ya kikapu baada ya Pasaka. Mimi biro hainiruhusu.

Wako,
Bénite


Beni, 14 Aprili 2024

Mutoto yangu,

Pasaka ilipita muzuri, tulikula kuku na kuimba mupaka sauti zikapasuka. Muzee Syauswa anakusalimia sana. Bijou alifika. Alishuka mu gari ya Lusenge pole pole, akaangalia huku na huku kama député mwenye kutafuta batu ba kumupigia makofi. Muzee Syauswa akasema: «Huyu ni imbwa wa Leta, wa serikali. Angalia, anangojea kwanza karatasi ya mission yake isainiwe.» Toka siku hiyo, asubui yote anamusalimia «Bonjour, Chef».

Nakubali, ulifanya kazi. Simba alikuwa anajificha hata kama sufuria imeanguka. Huyu hapana. Juma iliopita basoda balijaribu bunduki zabo kule nyuma ya kilima, siye tukasimama mu shamba na mapanga mu mukono. Bijou akakuya kukaa mbele yangu, anaangalia mukono yangu, mukia inacheza. Nikajua iko na njaa. Nikamuambia Muzee: kama imbwa anatulia hivi, ni kitu ya bure, tuendelee. Na kweli ilikuwa bure.

Aksanti, mutoto ya kaka yangu. Baba yako angekuwa hapa angejisifu.

Godelive


Beni, 26 Mei 2024

Bénite,

Salamu ku mama yako na ku Virginie. Toka Aprili haukuniandikia. Lusenge alipita mara na mara, namuuliza, anainua mikono tupu.

Miye niko. Kakao ya mwezi hii imebaki ku miti.

Nakuuliza neno moya: huyu imbwa, ulimufundisha nini?

Godelive


Vulamba, 9 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Mama anakusalimu, Virginie anakusalimu, na Tamar ameota jino la kwanza, kwa hiyo hapa hakuna anayelala. Mvua imebomoa ukuta wa jirani. Kwenye biro foleni imekuwa ndefu mno, watu wanatoka pande za kwenu, nami naandika mpaka vidole vinakakamaa. Hiyo ndiyo sababu ya kimya changu.

Nilianza kukuandikia mwezi wa nne, mara tu baada ya barua yako. Karatasi iliharibika.

Bijou nilimfundisha mambo ya kawaida, kama daktari alivyoelekeza. Namtumia mfuko mdogo wa ndakala kwa mkono wa Lusenge.

Shangazi, katika barua yako ya mwisho sikuona salamu za Mzee Syauswa. Niliisoma tena, nikageuza na nyuma ya karatasi. Labda ulisahau. Je, ni mzima?

Bénite


Beni, 16 Juni 2024

Bénite,

Sikusahau. Sikuandika salamu yake juu hakunipa, na miye siwezi kuandika salamu ya uongo.

Nitakuambia vile ilikuwa, kiisha usinililie mu barua. Ilikuwa siku ya soko. Tulikuwa tunavuna, miye ku upande yangu, Muzee ku yake, tunarushiana maneno kama siku zote. Bunduki ikalia kule chini ku mutoni. Muzee akasema, «Godelive, tuende.» Nikaangalia Bijou. Alikuya, akakaa mbele yangu, akaangalia mukono. Nikamuambia Muzee: «Ngoja tumalize huu muti. Chef hajasaini.» Akacheka. Akarudi ku muti yake.

Ya pili ililia karibu. Miye nilianguka mu majani. Muzee alikimbia, mais sasi ilimukuta mu muguu. Mupaka basoda bakafika, imbwa alikuwa amekaa pembeni yangu, anaangalia mukono, anangojea. Hata damu haikumuondoa.

Ku hopitali balikata muguu yake juu ya goti. Sasa amerudi ku nyumba. Asubui napita namuambia wasalama, Muzee. Anaangalia ukuta. Batoto bake banajibu ku fasi yake. Miaka yote hii tulikula mu sahani moya, na sasa hata salamu.

Ndakala ulituma, Bijou aliisikia harufu ndani ya mufuko, akakaa mbele ya Lusenge kama vile alikaa mbele yangu siku ile. Njo hapo nilielewa. Nikapiga kifuniko ya sufuria, akageuka, akaangalia mukono yangu.

Sasa uniambie weye mwenyewe. Ulisoma barua yangu ya Februari ao haukuisoma?

Godelive


Vulamba, 19 Juni 2024

Shangazi,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Salamu zake nitakupa siku nitakapomwambia.

Niliisoma. Mimi husoma kila karatasi tena na tena, unanijua. Uliandika kwamba mwoga ndiye unayemtafuta, na nilielewa vizuri. Lakini kila jioni nilipotoka biro nilikuwa nimebeba majina ya watu waliokimbia, na nikiingia ndani namkuta huyu mdogo ndani ya gunia la makala, anatetemeka kama mimi. Nilitaka mmoja wetu apone. Nikajiambia kwamba Shangazi ni mtu wa zamani, hajui mbinu za daktari, akimwona mbwa jasiri atafurahi. Abdias hana kosa. Sikumwambia mbwa anakwenda wapi wala kufanya kazi gani.

Na hilo si baya kuliko yote. Barua yako ya Aprili ilisema Bijou alikaa mbele yako akitazama mkono, nawe ukadhani ana njaa, ukamwambia Mzee muendelee. Mimi peke yangu katika dunia hii nilijua kwamba haikuwa njaa. Nilichukua kalamu siku ileile. Nikaandika: Shangazi, usimwamini huyo mbwa. Kisha nikaona aibu ya kukiri kwamba nilikupuuza, na sifa zako zilikuwa bado tamu mdomoni. Karatasi haikuharibika. Niliichana. Ningeituma, ingefika mapema kabla ya ile siku ya soko.

Sitakuomba unisamehe katika karatasi. Karatasi ninazijua mno.

Nimewaza jambo moja. Woga siwezi kumrudishia bila kumpiga, na hilo sitaweza, wala wewe. Lakini Bijou hakupenda masasi, alipenda ndakala. Anakwenda ndakala iliko. Kosa ni kwamba nilimzoeza kuipata mkononi mwa mtu, palepale kelele zilipo. Ikiwa ndakala itakuwa nyumbani tu, siku zote nyumbani, chini ya kitanda chako, basi kelele zikisikika atakimbia nyumbani. Hatakuwa mwoga kama Simba, ila atashika njia ileile. Kwa hiyo mtu mmoja apige kifuniko shambani na mwingine awe mlangoni na samaki, na huyo wa mlangoni lazima awe mimi, kwa sababu harufu ya mkono wangu ndiyo aliyoanza nayo.

Nimeomba likizo kwa shefu. Nakuja na Lusenge Jumatatu. Naogopa ile barabara, na nakuja.

Bénite


Vulamba, 28 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Nilifika nyumbani salama. Njiani nilifumba macho mpaka Lusenge akaniuliza kama nasali au nalala. Mama nimemweleza yote. Alichambua maharagi mpaka giza likaingia, kisha akasema, «Syauswa alinibebea gunia siku ya maziko ya baba yako.» Basi. Anakusalimu, na Virginie pia.

Nakushukuru kwa kunilaza kitanda kimoja nawe na kutonigusia neno. Siku za kwanza, wewe ukipiga kifuniko pale penye migomba, Bijou alikuja kukaa mbele yako, na uso wako niliuona kutoka mlangoni. Ulimtazama kama mtu anayetazama ile siku. Ulitaka kuacha, najua. Lakini siku alipokutazama kidogo tu, akageuka, akaja mbio mpaka chini ya kitanda, sisi wawili hatukushangilia. Uliingia ndani, ukaketi sakafuni, ukavua kitambaa cha kichwa. Halafu tukasogea mbali zaidi, mpaka penye kakao yenyewe, naye akaendelea kuja. Usimpe kamwe kitu shambani, Shangazi, hata akikuomba kwa macho. Hata mfupa.

Kuhusu Mzee Syauswa, sikukuambia vizuri. Ulinisikia nikisema nakwenda kumwamkia. Alikuwa ameketi mlangoni, anamenya maharagi mabichi, gongo lake la kutembelea limelala kando. Nilisema, «Wasalama, Mzee.» Akaendelea kumenya. Nikarudia. Nikapiga magoti pale matopeni nikamwambia kwamba wewe hukujua, kwamba aliyejua ni mimi, na nilijua toka Aprili nikanyamaza. Mikono yake ilisimama kidogo. Nilidhani atanena. Akachukua ganda lingine. Nilibaki mpaka sahani ilipojaa, na binti yake akaja kuichukua bila kunitazama.

Nimestahili, wala sinung'uniki. Lakini wewe usiache kupita kwake asubuhi. Neno nililomwambia lilikuwa kwa ajili yako.

Bénite


Beni, 15 Septemba 2024

Mutoto yangu Bénite,

Salamu ku mama yako. Umuambie aache kuchambua maharagi ya batu na giza, atapofuka. Tamar umubusu. Lusenge anasema uko unakonda. Kula.

Kakao ile ilibaki, nyani balikula nusu yake. Kwa ile imebaki tunarudi pole pole, siye banawake ba mashamba ya jirani pamoja, hakuna kwenda peke yako. Juzi tulikuwa kule, jua bado haijakuwa kali. Kitu ikapasuka upande ya barabara. Mara moya tu. Banawake bakasimama. Mumoja akasema ni bo, mwingine akasema wapi, ni tairi. Bijou alikuwa amelala karibu na kikapu yangu. Aliinuka. Hakuniangalia mukono, Bénite. Hakuniangalia kabisa. Akashika njia ya nyumba, na mbio.

Miye nikaacha kikapu, nikaacha panga, nikaacha na kiatu moya. Kuniona hivyo, banawake bote nyuma yangu. Tulishuka ile kilima kama mbuzi za kukimbia mvua.

Ilikuwa tairi ya camion. Dereva mwenyewe alikuya kuomba maji ya kunawa mikono, na banawake bakaanza kunicheka, eti Godelive anaongozwa na tumbo ya imbwa. Nikabaacha bacheke. Nilikuwa ku nyumba.

Muzee Syauswa alikuwa mu mulango yake. Bijou alipita mbele yake wa kwanza, kiisha miye, na kiatu moya, mudomo wazi. Akatuangalia mupaka tukaingia. Niliposhika pumzi nikatoka, nikapita kwake kama kila siku, nikasema wasalama, Muzee. Kwa mara ya kwanza toka ile siku, akanipa macho.

Akasema: «Leo ulimufwata.»

Nikasema: «Nilimufwata.»

Nilikuwa ninaenda, akaniita na gongo yake, tok tok ku jiwe. Akauliza kama Lusenge anashuka Butembo juma hii na barua ya kwako. Nikajibu ndiyo, anashuka. Akainua sahani yake ya maharagi, akaipuliza maganda, akaiweka chini. Nilimungojea. Hakuongeza kitu ingine, na miye sikumuomba aongeze. Naandika tu kile alinipa.

Muzee Syauswa anakusalimia.

Godelive